Kocha wa Kuazima

Walisema Kocha hataweza kuazima hata sindano katika mtaa mzima wa Nyahanga. Walisema mtu aliyewahi kusimama njia panda akiongoza bodaboda kwa mwiko wa ugali, amejitanda neti ya mbu kama askofu, hakuna atakayempa kitu akitarajia kukiona tena. Walisema kikundi chake cha watu waliougua akili kitasambaratika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Mama Kulwa, jirani yetu mwenye sufuria kubwa kuliko zote mtaani, ndiye aliyesema kwa sauti ya juu zaidi. "Huyo akija kuomba moto," alisema, "nitamwambia umezima, hata kama kitenge changu kinawaka."

Mimi nilisema ataweza. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu siku hizi kila mtu hapa Kahama anadai alimwamini Kocha tangu siku ya kwanza, na wengi wao nawakumbuka walivyokuwa wakifunga milango wakisikia filimbi yake. Mtu wa kwanza kumwazima kitu kikubwa ni mimi. Lilikuwa toroli, jipya, la dukani kwangu, gurudumu lake bado lina karatasi.

Nijitambulishe kidogo. Niliondoka Nyahanga na nguo zangu kwenye mfuko wa rambo, nikarudi na stashahada ya maendeleo ya jamii niliyoisomea Mwanza jioni, huku mchana nikipakua saruji. Sikusomeshwa na mjomba. Sikusomeshwa na mbunge. Mgongo wangu ndio ulionisomesha, na mpaka leo hewa ikibadilika unanikumbusha masomo yote. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nina nyumba yenye dari la jipsamu, na kikundi cha Kocha kilipohitaji katibu anayejua tofauti ya lengo kuu na lengo mahususi, hakuna aliyehangaika kutangaza nafasi. Nilijitokeza mwenyewe.

Sasa Kocha. Siku hizi yuko Geita, nasikia anaunda timu ya pili, na watu wa Geita wafiche vitu vyao au wajiandae. Hakuwahi kufundisha mpira. Hakujua hata kuotea ni nini, ukimweleza alikuwa anauliza, "Sasa mtu akiwahi ndiyo kosa?" Lakini alivaa suti ya michezo ya bluu yenye mistari iliyokuwa myeupe zamani, raba za miguu miwili tofauti, na filimbi shingoni. Filimbi hiyo aliipuliza kufungua kikao, kufunga kikao, na kumwamsha aliyelala katikati ya kikao. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kukutazama juu ya kichwa kana kwamba nyuma yako kuna jukwaa la mashabiki.

Siku aliyonieleza mpango wake alikuwa amekaa ndani ya toroli langu, miguu inaning'inia.

"Katibu," aliniambia, "wewe umesoma. Mtu akiugua akili, mtaani wanaacha kumpa nini?"

Nikamjibu kitaalamu: heshima, ajira, na ushiriki katika maamuzi.

"Kweli kabisa, hayo yote yapo. Lakini cha kwanza, wanaacha kumwazima vitu. Salamu atapewa. Ugali atapewa, watauweka mbali aufuate kama kuku. Sasa nenda kaombe panga. Kaombe ungo. Kaombe hata chujio la chai! Utasikia lipo kwa shangazi."

Nilimwambia hilo linaingia vizuri sana chini ya ushiriki katika jamii, naye akafurahi kusikia kwamba wazo lake lina kichwa cha habari. Tukawa tumeelewana. Kliniki ni kliniki, alisema, huko kuna daktari na dawa, na hapo yeye hana la kuongeza. Yeye kazi yake ni baada ya kliniki: kumfundisha mtu aliyepata nafuu kwenda kwa jirani, kubisha hodi, kuazima kitu na kukirudisha, mpaka jirani azoee, na mpaka mtu mwenyewe azoee kuzoeleka.

Serikali ya mtaa ilitupa ghala la zamani la pamba tukutanie humo. Mwenyekiti wa mtaa alitoa ufunguo kwa sharti moja: siku majirani wakileta malalamiko, ufunguo unarudi. Kocha akasema hilo ni sharti dogo. Mimi, niliyesoma, nilijua hakuna sharti dogo linalotamkwa mbele ya mashahidi, lakini nilinyamaza kwa sababu ghala lilikuwa na bati zuri.

Wanakikundi aliwaita wachezaji. Neno "chizi" alilipiga marufuku ndani ya ghala, isipokuwa kwa mtu aliyemfunga yeye kwenye drafti. Kuazima kuliitwa mechi ya ugenini. Kurudisha kuliitwa marudiano. Na kabla ya mechi kulikuwa na mazoezi, ambapo Kocha alijifunga khanga, akabana sauti, akawa mama mwenye nyumba mwenye roho mbaya.

Nilishuhudia mazoezi ya Shija. Shija alifanya kazi miaka mingi kwenye karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu, na kwa kuwa huko hakuna anayemsikia mwenzake bila kupiga kelele, alitoka huko na sauti ileile.

"Nani huyo?" Kocha aliuliza kutoka nyuma ya mlango wa kubuni.

"NI MIMI SHIJA! NAOMBA UNGO!"

Filimbi. "Faulo! Hujasalimia, na umemwamsha mtoto."

"Kuna mtoto?"

"Kila nyumba ina mtoto amelala. Rudia."

Shija akavuta pumzi, akanong'ona mnong'ono uliosikika mpaka barabarani. "Mwadila, mama. Naomba ungo. Nitaurudisha jioni."

"Ungo upo kwa shangazi."

Shija akafikiri. Tukamwona anafikiri. "Shangazi yupi, nimfuate?"

"Goli!" Kocha aliirusha khanga juu. "Hapo ndipo penyewe! Usikasirike, usikimbie. Uliza shangazi yupi!"

Jioni matokeo yalisomwa kama ya ligi. Ukinyimwa na kuachiwa mbwa, umefungwa. Ukinyimwa lakini ukakaribishwa kiti, hiyo ni sare ya ugenini, na sare ya ugenini, alisema Kocha, ni ushindi wenye haya. Ukirudi na kitu mkononi, timu nzima inasimama na kukupigia makofi, hata kama kitu chenyewe ni kifuniko cha birika. Nimeona mwanamume mzima mwenye mvi akilia kwa sababu amepewa kisu cha kumenyea viazi. Hakikuwa na mpini. Alikishika kama amekabidhiwa ofisi.

Kuhusu ugonjwa wake mwenyewe, Kocha alizungumza kama mtu anavyozungumzia nyumba mbovu aliyowahi kupanga. Ulimkuta machimboni Mwakitolyo, ndani ya duara, yaani lile shimo refu la wachimbaji wadogo. "Nilikuwa chini peke yangu," alisema, "nikasikia watu wanajadili habari zangu. Kilichoniudhi si kujadiliwa. Nilikuwa nachimba kwa bidii vile, na hakuna hata mmoja aliyenisifu!"

Dawa zake alizinywa hadharani, jioni, mbele ya ghala, kwa filimbi fupi. Kijana mmoja wa bodaboda alizoea kumchokoza.

"Kocha, bado unameza tu? Si umepona wewe?"

"Ng'wanawane, mwanangu, umewahi kushuka duarani?"

"Sijawahi, baba."

"Kule chini tunasimamisha matimba, magogo ya kuzuia kuta. Ukiona ukuta haujaanguka, utang'oa matimba?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Si utaanguka!"

"Basi niachie magogo yangu."

Niliyasikia mazungumzo hayo mara nyingi, kwa maneno yaleyale, mpaka nikashuku kwamba kijana alikuwa anauliza makusudi ili asikie tena. Mimi mwenyewe nimeyatumia kwenye semina na yakapigiwa makofi, na nikasema waziwazi ni ya nani.

Mtu huyo hakuwa malaika. Alifundisha utulivu asubuhi, na mchana akapindua ubao wa drafti akiona kete yake inaliwa. Alikemea uchelewaji, naye alifika wa mwisho kila siku, akipuliza filimbi tokea mbali ili ionekane kikao kimeanza huko alikokuwa. Na mtu aliyeshuka mashimo ambayo mimi nisingeshuka hata kwa kamba ya chuma, alikuwa anaogopa bata. Kuku sawa, mbwa sawa, hata nyoka alisema ni mtu wa kupita tu. Lakini bata, hapana. "Bata anatembea kama mtu aliyetumwa kukagua," alisema. Kisha akanigeukia. "Hata wewe, Katibu, uliporudi na stashahada yako, nilikuogopa wiki nzima. Mwendo ni uleule." Nilimwambia huo ni mwendo wa mtu aliyefika. Akasema ndiyo, bata naye huwa anadhani amefika.

Kati ya wachezaji wake alikuwamo dada yangu Kabula, mkubwa wangu. Kabla ya kuugua, Kabula alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi ya Nyahanga bila Kabula jikoni ilikuwa harusi ya kwenda ukiwa umeshiba kwako. Kisha akaugua, na katika siku zake mbaya alifungua banda la Mama Kulwa na kuwatoa kuku wote, akiwaambia mmoja mmoja kwa heshima kwamba wamemaliza kifungo, waende wakaanze maisha mapya. Wengine walianza kweli; hawakuonekana tena. Alipotibiwa na kupata nafuu, watu walimsalimu vizuri, lakini jikoni hakuna aliyemwita. Moto? Visu? Mafuta yanayochemka? Wakamwekea kiti mbali, kivulini, pamoja na vikongwe. Akaacha kwenda. Nyumbani kwangu, chini ya dari lile la jipsamu, alikaa ameupa ukuta uso, na kwa usomi wangu wote nilichoweza ni kuhakikisha hakosi kliniki.

Ghalani ndipo alipopewa moto. Kocha hakumfanyia mahojiano. Alimwambia tu, "Wachezaji wana njaa." Kabula akasimama, akatafuta mafiga, na tangu siku hiyo akawa anatoka nyumbani kabla yangu. Kwa hiyo mtu akiniambia ghala lile lilikuwa chumba cha kupigia soga, namwambia njoo nikuonyeshe ukuta ambao dada yangu aliacha kuutazama.

Tatizo lilikuwa sufuria. Timu ilikua, na Kabula alikuwa anapika makande kwa awamu, wengine wanakula na wengine wanatazama. Sufuria la kutosha lilikuwa la Mama Kulwa. Kocha akajipanga mwenyewe kwenye mechi hiyo. Alikwenda asubuhi, akanyimwa, akasema wabeja, mama, asante. Kesho yake akaenda, akanyimwa, akashukuru, akafagia uwanja. Aliendelea hivyo mpaka Mama Kulwa akaanza kunyimwa usingizi na ile adabu. "Chukua!" alipiga kelele siku moja. "Chukua, uniondokee!" Kocha alirudi amelivaa kichwani kama kofia ya zimamoto, haoni mbele, anagonga miti. "Ameshinda kwa penalti ya kujipa," nilisema. "Goli ni goli," ilisikika sauti kutoka ndani ya sufuria.

Hakumwambia Mama Kulwa nani atapika humo, na Mama Kulwa hakuuliza.

Sasa nifike kwenye kosa. Chujio, ungo na kisu vilikuwa na marudiano ya haraka, kwa sababu kwetu chombo hakirudi kitupu: unarudisha na karanga kidogo, au mchicha, au hata chumvi ya kufunika aibu. Lakini vitu vikubwa vilipoanza kuja, ngazi, jembe, pampu ya baiskeli, redio, toroli langu, Kocha akakwama. Ngazi unaijazaje? Akaahirisha marudiano. Kisha akaahirisha mengine. Tukawa na mechi za viporo nyingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu. Na wakati viporo vinangoja, Kocha akavipanga vile vitu ukutani mwa ghala, kimoja baada ya kingine, vimefutwa vumbi, pampu imesimamishwa katikati kwenye tofali. Nilimuuliza ni nini.

"Kabati la vikombe," akasema. "Kila mmoja aone tumewahi kuaminiwa."

Niliona wachezaji wakipita mbele ya ukuta ule asubuhi, wakisimama, wakiigusa ngazi kwa kidole. Nilidai toroli langu mara moja tu, kwa upole, akaniambia liko nafasi ya pili.

Ndipo harusi ya Doto, binti wa Mama Kulwa, ilipokaribia, na Mama Kulwa akaja ghalani kuchukua sufuria lake. Aliingia, akauona ukuta, akatoka nje akiwa ameshika kichwa.

"Jamani! Njooni muone! Ngazi ya Mzee Maganga hii hapa! Redio ya mwalimu! Mkeka wa Bibi! Nyahanga nzima imehamia humu, wametuibia kwa salamu!"

Watu wakajaa. Kila mmoja alikitambua chake, na kila aliyekitambua alikumbuka papo hapo kwamba amekuwa akikihitaji sana. Jioni hiyohiyo mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, ufunguo wa ghala, aliokwisha kuuchukua kwa Kocha, mezani mbele yake. Kabula alikaa nyuma kabisa. Nilimwona ameanza kugeuza kiti, pole pole, kuelekea ukutani.

Kocha alipewa nafasi ya kujitetea, na kwa bahati mbaya akaitumia.

"Ndugu wananchi," alisema, "timu ikishinda kombe, inalipeleka wapi?"

"Kombe halina mwenyewe!" mwenyekiti akamjibu. "Hili ni jembe la mtu!"

"Ndiyo maana tunalipenda zaidi, mheshimiwa. Kombe unapewa kwa sababu umewashinda watu. Jembe unapewa kwa sababu hawakuogopi."

Wapo waliotikisa kichwa kukubali. Lakini Mama Kulwa alikuwa na harusi. "Sisi hatutaki mahubiri, tunataka vyombo! Warudishe sasa hivi na wafunge!"

"Sasa hivi haiwezekani," Kocha akasema. "Havina kitu ndani. Mnataka nirudishe vitupu?"

Kelele zililipuka, na katikati ya kelele Bibi mwenye mkeka, mjane anayekaa peke yake karibu na kisima, akainua fimbo. "Hapo amesema kweli, gete, kweli kabisa. Wangu ukirudi mtupu siupokei. Nililelewa mimi."

Hapo ndipo niliposimama, na sitajifanya mnyenyekevu: nilisimama vizuri. Nilikuwa na koti. Niliwaeleza maana ya makubaliano yenye masharti na muda. Nikapendekeza kila kitu kiwe kimefika kwa mwenyewe Jumamosi kabla jua halijazama, na kisiwe kitupu. Na mwazimaji hata mmoja asiporidhika, ghala nitalifunga mimi mwenyewe kwa mikono miwili. Watu wakacheka kusikia ngazi itajazwa. Mtu akicheka mkutanoni tayari umempata. Hilo nililifundishwa darasani na nililipia ada. Mwenyekiti akautia ufunguo mfukoni, akatuachia ghala wazi. "Jumamosi," akasema.

Tuliporudi ghalani Kocha alikaa chini ya kabati lake la vikombe, amezima kama jiko. "Umewaahidi watu, Katibu. Karanga zenyewe hatuna. Ngazi naijaza nini mimi?"

Ni Kabula aliyejibu, anachochea moto, hakutugeukia. "Ngazi inajazwa mtu."

Kocha akamtazama juu ya kichwa, kule kwenye mashabiki. Kisha akapuliza filimbi mpaka sikio langu likaziba.

Jumamosi hiyo watu wa Nyahanga hawakufanya kazi nyingine zaidi ya kutazama. Ngazi ya Mzee Maganga ilifika na Shija juu yake. Akaiegemeza kwenye nyumba ya mzee, akapanda, akapigilia bati lililokuwa likipigapiga tangu mvua za mwaka wa jana. "NIMEMALIZA!" alitangaza kutoka juu, na Mzee Maganga akasema amesikia, na mke wake aliyekuwa sokoni naye bila shaka amesikia. Redio ilirudi kwa mwalimu na betri mpya kutoka dukani kwangu, ikiimba kwaya njia nzima. Jembe lilirudi na kulima tuta zima la mwenye jembe, ambaye kwa bahati mbaya anafuga bata. Kocha alisimamia mechi hiyo akiwa juu ya mti wa mpera.

Mkeka wa Bibi uliletwa na yule mwanamume mwenye mvi wa kisu kisicho na mpini. Aliutandika, akaketi, akasema, "Mkeka umekuja na mgeni." Bibi akatazama mkeka, akamtazama mgeni, akaingia ndani kuinjika chai. Tulipopita baadaye walikuwa bado wanabishana iwapo zamani mvua zilikuwa kubwa au watu ndio walikuwa wadogo.

Pampu ilikuwa ya yule kijana wa bodaboda. Shija, kwa kutaka isirudi na upungufu, aliijaza tairi ya baiskeli ya kijana mpaka ikapasuka.

"Tumefungwa!" Kocha akashika kichwa.

"BADO DAKIKA ZIPO!" Shija akajibu, akatafuta kiraka, akaketi chini akaziba, huku kijana amemsimamia na kumwambia, "Polepole, kaka, ni baiskeli, si karasha." Ikashika. Kijana akaizungusha, akasema amepokea, na akaongeza kwamba Shija akihitaji pampu tena aje, lakini asiishike yeye.

Toroli langu lilifika dukani wakati kuna wateja. Shija alilisukuma, ndani alikuwamo Kocha, amejikunja, magoti kidevuni, amepakata kifurushi kidogo cha michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Katibu," alisema kwa heshima zote, "sikupata cha kulijaza. Nimejijaza mwenyewe."

Nililipokea. Karatasi ya gurudumu ilikuwa imekwisha zamani.

La mwisho lilikuwa sufuria la Mama Kulwa. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu wiki nzima, kwa hiyo Kabula alilijaza maji kisimani kwa Bibi, akalipitisha mti kwenye masikio, yeye akashika upande mmoja na Shija mwingine. Shija ni mrefu, Kabula ni mfupi. Maji yakawa yanamfuata Kabula. Watu walijipanga barabarani kama wanangoja mwenge, na jua lilikuwa limeshashuka hadi usawa wa mapaa. Walipofika uwanjani kwa Mama Kulwa, Kabula alikuwa ameloa mpaka kiunoni.

Mama Kulwa alichungulia. "Nusu."

"Nusu nyingine ipo kwenye sketi yangu," Kabula akasema.

Kicheko kilimponyoka mtu, kisha kikakatika. Mama Kulwa alimimina maji kwenye pipa lake, akalipindua sufuria, akalisugua kwa kidole ndani na nje. "Nani alikuwa anapikia humu?"

Nilimwona Kocha anashika filimbi bila kuipuliza.

"Mimi," Kabula akasema.

"Makande?"

"Makande, na maharage, na wali siku ya sikukuu."

"Mbona hakuna hata alama ya ukoko?"

"Ukoko ni wa mtu anayeondoka jikoni. Mimi siondoki."

Mama Kulwa alilipindua tena, akalitazama muda mrefu. Kisha akamwambia mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa amesimama kando na ufunguo wake, "Limefika." Akaingia ndani na sufuria lake. Mwenyekiti akanipa ufunguo. Nikaupokea kwa mikono miwili.

Tulirudi ghalani sisi watatu, mimi, Kabula na Kocha, wengine wamekwenda makwao kusimulia. Ukuta ulikuwa mtupu. Tuliketi sakafuni, maana hata benchi lilikuwa la watu. Kocha alilala chali akatazama bati.

"Tumebaki na chumba, Katibu. Timu haina hata kijiko. Hapa anayeingia anatuona tulivyo."

Nilikuwa nafungua kinywa kumweleza kuhusu kuanza upya, mada ninayoijua kuliko mtu yeyote wilayani, pale mlango ulipogongwa. Alikuwa Mama Kulwa. Hakuingia. Alisimama kizingitini akiivuta khanga yake huku na huku.

"Mwadila," akasema.

"Mwadila, mama," tukaitikia.

"Nimekuja kuazima."

Kocha akainuka, akatazama kuta zote nne. "Mama, hata misumari tumerudisha."

"Naomba uniazime Kabula. Kesho namwoza Doto, na wale wapishi niliowapata, huyo mmoja nimemwona anaunguza maji."

Kocha alianza kufura. Nilimwona kifua kinajaa, kidevu kinapanda, mkono unakwenda shingoni. Alikuwa anajiandaa kusema jambo refu. Kabula akamwekea kiganja begani, akamkalisha.

"Mama Kulwa," alisema, "mimi si sufuria. Niulize mimi."

Mama Kulwa alimgeukia. Akakunja khanga, akaikunjua. "Haya. Kabula, mwanangu, kesho una nafasi?"

Kabula alifikiri, na hakuharakisha. "Dawa yangu inanilaza asubuhi. Nitakuja saa tano."

"Saa tano si wali utakuwa umeshaungua!"

"Basi msiinjike mpaka nije."